Debe la Asali la Profesa

Inyonga, Jumapili, 2 Machi 1997

UMEPATA! Nyamizi mwanangu, umepata, utakuwa bingwa wa upasuaji, na mimi mama yako nimeshalisema kanisani leo mbele ya watu wote!

Haya, sasa nikusalimie, maana nimeanza kama mtu anayekimbizwa. Hujambo mwanangu? Joto la Dar es Salaam linasemaje? Sisi huku wazima. Baba yako kifua kilimsumbua kidogo wiki ile ya Jumatano ya Majivu, sasa amepona, anakula vizuri. Mahindi nusu yamekauka. Mvua ilikuja, ikakaa kidogo, ikaondoka kama mgeni ambaye hakupenda ugali wa kwetu. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, wote majike.

Turudi kwenye habari. Method, mtoto wa dada yangu, yule anayefanya kazi kwenye treni, alishuka Mpanda Alhamisi akadandia lori la tumbaku mpaka hapa. Hajakaa hata kwenye kigoda akasema, "Mama mdogo, Nyamizi ameitwa! Nimeona mwenyewe jina lake limebandikwa ukutani, ameitwa na maprofesa kwa mambo ya ubingwa!" Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani. Maana mimi kuitwa nakujua. Mwaka wa sitini na nne niliitwa misheni kuwapikia masista, na siku ileile niliyofika nikafungwa aproni. Mtu mkubwa hawezi kukuita umalizie soli za viatu vyako njiani halafu akurudishe.

Basi leo Padri alipomaliza matangazo yake nikasimama na langu. Nikasema, "Mimi Natalia, mama yake Daktari Lucia Nyamizi, natangaza kwamba mwanangu amechukuliwa kuwa bingwa." Wanawake wakapiga vigelegele, hata wale wa kwaya. Generosa tu ndiye aliyenivizia nje. "Mama Daktari, bingwa wa nini, wa ngumi?" Nikamwambia, "Bingwa wa kufungua tumbo la mtu na kulishona likarudi kama lilivyozaliwa. Wa kwako anashona nini?" Unajua mwanawe ni karani wa chama cha tumbaku, hashoni kitu.

Baba yako ni yuleyule. Nilipomwambia alikuwa ananoa shoka lake la kuchongea mizinga. Akasema, "Nyuki wapo." Basi, hapohapo akaendelea kunoa. Si unawajua watu wa kurina asali wa huku kwetu? Ukiwauliza kama mzinga umejaa wanakujibu nyuki wapo, hawasemi zaidi mpaka waushushe wauone kwa macho. Asali ikiwa bado mtini kwao haitajwi. Lakini mimi sirini asali, mimi naongea.

Niandikie upesi jina la profesa wako mkubwa, na kama ni mtu wa kupenda vitu vitamu. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi mama yako ambaye leo shingo inauma kwa kupokea pongezi,
Natalia


Dar es Salaam, 24 Machi 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba mpe shikamoo yake. Barua yako ilinifikia juzi nikitoka wodini. Nimefurahi kusikia kifua kimepona, ila mwambie baba kikirudi aende zahanati, asinunue vidonge kwa watu wa minadani. Mapacha wa mbuzi wape majina. Mimi sijambo.

Mama, sijapata. Naomba usome neno hilo mara mbili.

Nimeitwa kwenye usaili tu. Maana yake ni kwamba tutakaa mbele ya jopo la madaktari wakubwa, watuulize maswali, kisha wachague. Nafasi za upasuaji mwaka huu ni nne. Tulioitwa ni zaidi ya thelathini, na wengine wamerudia mwaka wa tatu huu, tena ni madaktari wazuri kuliko mimi. Usaili ni Jumanne tarehe 20 Mei. Majibu labda Julai, labda baadaye. Nikikosa, serikali itanipangia hospitali yoyote nchini niende nikafanye kazi ya kawaida, kisha niombe tena.

Kwa hiyo nakuomba usimwambie mtu mwingine. Wale wa kanisani waambie tuombeane.

Uliuliza jina la profesa. Ni Profesa Manyanda. Nafanya naye kazi chumba cha upasuaji tangu mwaka jana. Hamsifii mtu. Mwezi uliopita nilimaliza kumshona mgonjwa, akainama akatazama, akasema, "Haya." Wenzangu walinipongeza siku nzima kwa hiyo "haya." Yeye ndiye mtu pekee kwenye jopo ambaye ameiona mikono yangu ikifanya kazi, wengine wanatoka nje na hawanijui. Namtegemea yeye tu. Vitu vitamu sijui. Chai anakunywa bila sukari.

Mwanao,
Nyamizi


Inyonga, 20 Aprili 1997

Kwa mwanangu Daktari Nyamizi,

Marahaba mara nyingi, na baba yako naye amezipokea za kwake. Sisi hatujambo. Mapacha wa mbuzi nimewapa majina, mmoja Usaili na mwingine Julai, ili nisisahau. Tulikula Pasaka vizuri, watu walikuja mpaka wa Mpanda, na kila aliyekuja aliuliza habari zako.

Neno lako nimelisoma mara mbili kama ulivyosema, na mara ya tatu nikampa baba yako alisome. Sasa nifanyeje? Nisimame tena kanisani niseme Natalia amekosea? Nimesema umepata, na utapata. Kilichobaki ni siku tu.

Tena nimekusaidia. Debe limeshaondoka! Method amepita wiki hii nimempa, kwa hiyo unaposoma hapa Profesa Manyanda ameshalamba vidole. Ni debe zima la asali ya Novemba, ile nyeupe ya maua ya mti wa mtundu ambayo baba yako huwa hauzi. Tumeichuja mara mbili, hakuna nta, hakuna hata bawa la nyuki. Mdomo nimeufunika kitambaa cha kitenge changu kipya, nikafunga kwa kamba ya gome, fundo la bibi yako, lile linalozunguka mara tatu na kurudi kwa chini. Anayetaka kulifungua ajue kulifungua, au akate. Na juu nimebandika karatasi kwa mkono wangu: "Kwa Profesa Manyanda. Kutoka kwa mama yake Daktari Nyamizi, Inyonga. Mshike mtoto wangu vizuri."

Usishangae. Nyie watoto wa mjini mmesahau. Baba yako alipopelekwa kwa mzee Malale kujifunza kuchonga mizinga, bibi yako alitangulia na kibuyu cha asali. Mimi nilipopelekwa kwa masista, baba yangu alikuja nyuma yangu na kibuyu. Sisi mtoto hatumtupi tu kwa fundi kama gunia, tunamkabidhi kwa asali, ili fundi akimfundisha mdomo wake uwe mtamu. Fundi akiipokea asali, amempokea mtoto. Nilijilaumu kwamba unafanya kazi kwa huyu mzee mwaka mzima na mimi sijapeleka hata kijiko. Angetuonaje?

Baba yako alinisaidia kuchuja. Nilipokuwa nafunga kamba ndipo akaniuliza, "Umemwuliza mtoto?" Nikamwambia, "Anayekabidhiwa haulizwi."

Niandikie alivyofurahi. Usiache hata neno.

Mama yako, fundi wa mafundo,
Natalia


Dar es Salaam, 26 Mei 1997

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima. Barua yako ya Aprili ilichelewa, debe lilitangulia. Lilifika salama, halikuvuja.

Usaili ulifanyika tarehe 20 kama ilivyopangwa. Niliingia, nikaulizwa, nikajibu, nikatoka. Sasa tunasubiri.

Huku mvua inanyesha kila asubuhi. Nimenunua koti la mvua la kijani. Ninayekaa naye chumbani, Recho, anakoroma sana, nimezoea. Profesa hajambo.

Msalimie baba.

Nyamizi


Inyonga, 22 Juni 1997

Nyamizi mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi kama ya polisi. Nimeigeuza nyuma nikatafuta nyingine, hakuna.

Sisi wazima. Baba yako yuko porini, ameenda kurina, atakaa huko mpaka mwezi ujao. Alibeba unga na chumvi na lile blanketi ulilomletea. Mbuzi Usaili ana kikohozi. Julai ni mzima, anaruka.

Umeniandikia koti la mvua na mikoromo ya Recho, Mungu ambariki. Lakini hujaniandikia mambo mawili. Profesa ameionja? Na alisema nini? Mtu hawezi kuletewa debe la asali ya mtundu akakaa kimya. Hata yule mzee Malale aliyekuwa bubu kwa ukali alisema, "Mtoto ana wazazi." Naomba nawe uniandikie neno moja tu alilosema, hata kama ni "haya."

Huku Generosa amepata kazi mpya, kunisubiri kisimani. Juzi akasema mbele ya wanawake, "Mama Bingwa, huyo bingwa kafikia wapi? Au treni imemdondosha Kaliua?" Wakacheka. Nikamwambia, "Mambo makubwa yanapikwa polepole. Karani anapatikana kwa siku moja." Wakacheka zaidi, lakini safari hii upande wangu.

Usifikiri nina wasiwasi. Sina. Nimesahau tu kutia chumvi kwenye maharage mara mbili wiki hii, na jana nilimwita Padri "Profesa." Ni umri huo.

Kama kuna jambo, mwanangu, mimi ni mama yako. Sijavunjika tangu nizaliwe.

Natalia


Dar es Salaam, 15 Julai 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Poleni kwa kazi, na mpe pole Usaili kwa kikohozi. Majibu bado hayajatoka. Kila asubuhi tunapita kwenye ule ubao wa matangazo kana kwamba tunakwenda kwingine. Wengine wanajifanya wanafunga kamba za viatu hapo. Mimi nimefunga kamba mara nyingi mpaka zimechakaa.

Nilikaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi. Naanza sasa.

Wiki moja kabla ya usaili Profesa aliniita ofisini. Debe lilikuwa sakafuni katikati ya chumba, na katibu wake amekaa pembeni na kalamu. Profesa akanisomea karatasi yako kwa sauti. Akauliza, "Aliyeandika hapa ni nani?"

Nikasema, "Ni mama yangu."

"Anajua kwamba mimi nimo kwenye jopo?"

"Anajua. Mimi ndiye niliyemwandikia."

"Anataka nini kwangu?"

Nikasema, "Anataka unishike vizuri." Katibu akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anacheka.

Nikamweleza desturi yetu ya kumkabidhi mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachuchumaa, akaligusa fundo lako kwa kidole, akalifuata linakozunguka, akapotea, akaanza tena. Yule ni mtu ambaye maisha yake yote ni kufunga mafundo ndani ya watu. Akasema, "Aliyefunga hapa ana mikono." Tangu nimjue hajamsifu mtu yeyote kwa maneno mengi hivyo.

Lakini akasema debe lirudi. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie mama yako nimeukataa mzigo, sikumkataa mtoto. Nikiipokea hii, siku utakapokuwa bingwa watu watasema uliingia na debe. Hata wewe mwenyewe utakuja kujiuliza."

Nililiweka chini ya kitanda changu tangu siku ile, kwa sababu nilijua kwetu maana ya asali kurudi. Sikutaka ulione. Lakini siwezi kulificha milele, na Recho anasema sisimizi wameanza kuleta ndugu zao. Nimempa Method alirudishe. Hajalifungua mtu.

Usihuzunike mama. Hakukasirika.

Mwanao,
Nyamizi


Inyonga, 3 Agosti 1997

Nyamizi,

Debe limefika. Fundo langu liko vilevile, halijafunguliwa. Karatasi imetolewa.

Kwetu asali ikirudi, mtoto hakupokelewa. Najua umeniandikia maneno yake, nimeyasoma. Lakini nimezaliwa hapa, na macho yangu yameliona debe likishushwa kwenye lori, na Generosa naye ameliona.

Baba yako amerudi kutoka porini, mzima. Mbuzi Usaili amekufa.

Kula vizuri.

Mama


Dar es Salaam, 18 Agosti 1997

Mama yangu mpendwa, na baba yangu mpendwa,

Shikamooni. Nawaandikia nyote wawili, na nimeandika kwa herufi kubwa ili baba asitafute miwani.

Majina yametoka Ijumaa. Sikuchaguliwa.

Nililia, nikaoga, nikalala, nikaamka nikaenda wodini kwa sababu kulikuwa na watu wanaosubiri. Sasa nimetulia, sidanganyi. Waliopata wanne ni wazuri, mmoja wao ni wa wale niliowaambia wamerudia mwaka wa tatu. Nilimpongeza na nilimaanisha.

Mama, najua unachofikiri. Si kwa sababu ya asali. Waliniuliza maswali magumu, mengine nilijibu vizuri, mengine nilijibu kama mtu anayepita gizani. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Najua ulisimama kanisani. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko ubao. Ukitaka, nitamwandikia Padri mimi mwenyewe.

Kuna habari nyingine. Nimepangiwa kituo. Ni Hospitali ya Wilaya, Mpanda. Naripoti Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Madaktari huko ni wachache mno, kwa hiyo nitapasua nitake nisitake. Profesa aliposikia alisema, "Vizuri. Mwaka mmoja wa huko ni miaka mitatu ya hapa. Omba tena." Halafu akauliza, "Mama yako hajambo?" Nikasema hajambo. Sikujua kama nasema kweli. Hujajibu vizuri tangu debe lifike.

Nitapanda treni mwisho wa Septemba, pamoja na Method. Nikubalieni nipite nyumbani kwanza.

Mwanenu,
Nyamizi


Inyonga, Jumapili, 7 Septemba 1997

Kwa Daktari Lucia Nyamizi wa Hospitali ya Wilaya ya Mpanda! Nimeandika hivyo hata juu ya bahasha, posta nao wasome.

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Eti tukukubalie upite nyumbani! Hilo nalo ni la kuombwa? Sisi wazima wote. Mbuzi Julai amekua, ana pembe, na hamwogopi mtu. Baba yako anatengeneza kitanda chako, amebadilisha kamba zote. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sikujua nimemkasirikia nani, kwa hiyo nikaogopa nisikukasirikie wewe. Sasa imeisha.

Method hawezi kushika neno, unamjua, anavuja. Nilimkalisha nikampa ugali na kuku mpaka akasema. Ameniambia ulichomsimulia, kwamba siku ya usaili, wewe ulipoingia, Profesa Manyanda aliinuka akatoka nje ya chumba. Aliwaambia wenzake, "Huyu nyumbani kwao waliniletea kitu, mimi simhoji wala simpi alama." Akabaki amesimama kwenye korido mpaka ulipotoka. Yule mmoja aliyeiona mikono yako. Ukabaki na wageni.

Hukuniambia. Umeandika "hakuna zaidi." Sawa, mimi sitakuuliza, na wewe usinieleze. Lakini mwaka ujao sitampelekea mtu kitu chochote, hata karanga, hata salamu. Jina la profesa nitalijua moyoni tu.

Na Padri usimwandikie! Nimeshamaliza mwenyewe. Leo baada ya matangazo nikasimama. Nikasema, "Mwezi wa tatu niliwaambia Nyamizi amechukuliwa kuwa bingwa. Sikuwadanganya, nilitangaza tu mwaka mmoja mapema. Mwaka huu serikali imemleta kwetu kwanza, atakuwa Mpanda, na mwenye ngiri, mwenye uvimbe, mwenye kidonda kisichopona ajiandae. Nyie ndio mtakaomfundisha ubingwa." Wakapiga makofi, Nyamizi, kanisani! Mzee mmoja akauliza kama aje na ngiri yake siku hiyohiyo utakayofika au asubiri.

Nje Generosa akanishika mkono. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, nilikuwa nayo matatu mazuri. Akasema polepole, "Mama Nyamizi, ule uvimbe wangu wa shingoni, unafikiri atauangalia?" Miaka yote hii anajifunga kilemba mpaka kwenye kidevu, mimi nilidhani ni maringo. Nikamwambia, "Atauangalia wa kwanza." Yale maneno yangu matatu sijui yameenda wapi.

Baba yako nilimsomea barua yako wakati wa chakula. Nikangoja aseme nyuki wapo, nikamwambia kabisa leo sitaki hilo. Akatafuna mpaka akamaliza. Akasema, "Mwaka huu mizinga mingi niliikuta mitupu. Nimeirudisha yote juu." Akaomba maji ya kunawa. Jioni nikamkuta ameliweka lile debe kwenye kivuli, amekaa nalo, analitazama fundo. Akaniambia, "Ni kweli una mikono." Miaka thelathini ya ndoa, nimeambiwa na profesa ndipo naye ameona.

Sasa sikiliza habari ya debe. Asali iliyorudi kwetu haifichwi darini wala haiuzwi. Hailiwi na wenyewe peke yao pia, itawakaa kooni. Inatiwa maji, inachachushwa, inakuwa wanzuki, wanakuja kuinywa watu wote, waliocheka na wasiocheka, na siku hiyo maneno yake yanakwisha. Bibi yako alifanya hivyo mara moja, mimi nikiwa mdogo, na yule kijana aliyekataliwa na fundi alikuja kuwa mrina asali kuliko wote wa upande huu. Kwa hiyo fundo nitalikata mwenyewe. Nitatia maji Jumamosi ya mwisho ya Septemba, wakati wewe uko kwenye treni, na ukisikia harufu kuanzia Kaliua ujue ni nyumbani.

Nusu debe tu lakini. Nusu nyingine nitaihamishia kwenye kibuyu, nitakifunga upya kwa fundo lilelile, nitakitundika. Hicho ni cha Profesa, cha siku utakapomaliza ubingwa wako na yeye hana tena alama za kukupa. Asali haiozi, inajua kusubiri kuliko mimi. Umwambie hivyo. Na umwambie akitaka kuja sasa kama mgeni tu, si kama mwalimu, kiti kipo, na nitamfundisha hilo fundo, maana naona lilimsumbua.

Nimewaalika wa kwaya, wa kisimani, wa chama cha tumbaku pamoja na yule karani, Padri, masista, ndugu wa Mpanda na wa Misunkumilo, na yule mzee wa ngiri. Generosa ndiye atakayepika wali. Mwambie na Recho, kama anaweza kuja na mikoromo yake. Method ameshaomba ruhusa kazini.

Pombe ikishatiwa maji haiahirishwi, mwanangu, kwa hiyo msichelewe hata mmoja. Ni nyumbani kwetu Inyonga, baada ya misa ya asubuhi, Jumamosi tarehe 4 Oktoba.